Uzi: Fizikali (kemia ya fizikia) ya mwaka wa pili na yule Profesa wetu. Tuliopita tuseme ya kweli

Joto298 (mleta uzi)

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo.

Kila matokeo ya mwaka wa kwanza yakitoka, wadogo zangu wa sayansi na ualimu huanza na swali lile lile: "Kaka, kweli Fizikali inapeleka watu disko, yaani kufukuzwa chuo?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeona bora nifungue uzi na wengine mseme. Chuo sikitaji, Profesa simtaji, na nawaomba sana mnaochangia nanyi msimtaje. Anayejua kashajua.

Msimamo wangu nauweka mbele ili tusizungushane. Fizikali haimwangushi mtu kwa kemia. Inamwangusha kwa hisabati, chuo kinalijua hilo, na hakuna anayeligusa. Profesa ana makosa yake na nitayasema, lakini kumbebesha yeye zigo lote ni kumwonea.

Litazameni darasa lenyewe. Wengi wetu tumetoka CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), na hisabati tuliyoibeba kutoka kidato cha sita ni BAM, hisabati ya msingi, somo la kusindikiza, unalisoma huku jicho liko kwenye Biolojia. Ukitoka nayo unajua kutafuta mteremko wa mstari na kuintegreti x mraba, basi. Wiki ya pili tu ya Fizikali mzee anaandika ubaoni dU = TdS − pdV, chini yake anashusha zile d za kupinda, moja juu moja chini, mabano, T ndogo pembeni ya mabano, kisha anageuka: "Hii hisabati ya kawaida, twende." Ukichungulia madaftari pale utakuta wote wamenakili vizuri kabisa, mpaka ile T ndogo, na hakuna anayejua T ile inafanya nini. Inasema tu kwamba joto limeshikwa lisibadilike wakati unapima kingine. Sentensi moja. Wapo niliosoma nao waliomaliza semista nzima hawajaambiwa sentensi ile.

Waliotoka PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) walikuwa wanapumua. Na kozi ya hisabati kwa wanakemia ipo, si kwamba haipo, ila imewekwa semista inayofuata. Fizikali mwanzo, hisabati yake baadaye. Aliyeipanga ratiba hii natamani siku moja akae dawati la nyuma.

Sasa mzee mwenyewe.

Anaingia saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili na dakika tano mlango unafungwa, na akishaufunga haufunguliwi hata kama umetoka Makunduchi na gari imekufa njiani. Hana slaidi, hana desa. Chaki moja mfukoni mwa shati, nyengine mkononi. Anaandika kwa kulia na kufuta kwa kushoto, ukizubaa kidogo mstari wa tatu umeshaondoka. Akiuliza swali na darasa likanyamaza, naye ananyamaza. Anakaa vivyo hivyo, anatutazama, mpaka mtu ateme kitu. Wapo waliokuwa wakiuogopa ukimya ule kuliko testi.

Lakini akiamua kueleza, anaeleza. Ile tofauti ya kitu kinachotegemea hali tu na kitu kinachotegemea njia, ambayo vitabu vinaizungusha kurasa na kurasa, yeye aliimaliza kwa Nungwi. Ukitoka mjini ukapita Mkokotoni, au ukapita Kinyasini, mafuta utakayochoma hayalingani, ila Nungwi haisogei. Nishati ya ndani ndiyo Nungwi. Joto na kazi ndiyo mafuta. Mpaka leo nikiona q na w kwenye karatasi naiona barabara ile.

Usahihishaji wake ndio unaoliza watu. Jibu lisilo na kizio kwake ni sifuri. Si nusu maksi, sifuri. Na ukimletea tarakimu tisa ulizozinakili kwenye kalkuleta anazipitisha kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Umepima na nini?" Mtego wake mkubwa ni ΔG = ΔH − TΔS, hesabu ya kuona kama mmenyuko unakwenda wenyewe: ΔG ikiwa hasi, unakwenda. ΔH anakupa kwa kilojuli, ΔS anakupa kwa juli, halafu anakaa kimya. Mfano wake alioupenda ni amonia: ΔH ni −92, ΔS ni −199, joto 298 K. Ukibadilisha vizio vizuri unapata takriban −33 kilojuli, mmenyuko unakwenda wenyewe. Usipobadilisha unapata chanya elfu hamsini na tisa, na unamwandikia Profesa kwa mkono wako kwamba amonia haitengenezeki, wakati nusu ya dunia inakula kwa mbolea iliyotokana na kazi ya Haber na Bosch. Kila mwaka kuna kundi linaandika hivyo, na linaandika kwa kujiamini!

Na maabara. Kila kitabu kinataka nyuzi 25. Sisi tuna feni mbili, kipoza hewa kimekufa siku nyingi, na mwezi wa Februari asubuhi tu kipimajoto kinasoma 30. Tunachanganya thaiosalfeti na asidi, chini ya bika tumechora ule msalaba wa kalamu, tunapiga saa mpaka salfa iufunike. Watu wakilinganisha namba zao na za kitabu wanadhani wameharibu, wanazipika ripoti ili zifanane. Mzee aliwakamata kwa hesabu moja. Chukua mmenyuko wenye nishati ya kuamsha ya kilojuli 50 kwa moli, uutoe nyuzi 25 uupeleke nyuzi 30, mlinganyo wa Arrhenius utakwambia kasi inapanda kwa karibu asilimia 40. Sasa wewe uliyeleta namba ya kitabu kutoka kwenye chumba cha nyuzi 30, umeitoa wapi? Darasa kimya. "Barafu inauzwa Malindi pale sokoni," akasema, "nendeni mkanunue." Tukanunua, tukaiponda kwenye beseni, tukazamisha bika, na ndiyo siku ya kwanza grafu ya ln k (k ndiyo kipimo cha kasi) juu ya 1/T ilinyooka mbele ya macho yetu.

Mtihani wa mwisho usikae ukitegemea pasti pepa, haurudii. Mwaka wetu swali lililoua watu lilikuwa la karafuu. Eugenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, inachemka karibu na nyuzi 254. Kwa nini basi pale kiwandani Wawi, Pemba, mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yanatoka kwenye mtambo wa mvuke chini ya nyuzi 100? Eleza, kisha kokotoa. Sisi wote ni watoto wa visiwa hivi, karafuu tumezianika mpaka barabarani, na watu wakajaza ukurasa mzima kwamba "mvuke unayasukuma mafuta".

Haya, uwanja wenu. Wa kumsifu amsifu, wa kumlaumu amlaumu, ila kwa adabu.

---

Mkia_wa_Mshumaa

Kaka Joto, umempamba mzee mpaka anang'ara. Mbona husemi habari ya karatasi? Testi ya kwanza sisi tulirejeshewa wiki ya mtihani wenyewe. Utajifunza lini kosa lako? Maksi 40 za kozi weki zote hujui umesimama wapi, unaingia kwenye 60 za mtihani kama kipofu. Ukali sawa, tunaukubali. Lakini mkali wa saa mbili na dakika tano anapaswa awe mkali na kalamu yake mwenyewe pia.

Mimi nilisapu, yaani nilirudia mtihani. Na kwenye sapu nikafaulu vizuri tu, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilikuwa na karatasi zangu mkononi nimeona nilipokosa.

---

Joto298

Hilo sina la kumtetea, kaka. Ni kweli kabisa, na ni katika makosa niliyosema anayo. Jengine ni kwamba hapimi darasa limesimama wapi. Angeuliza siku ya kwanza tu "nani hajawahi kuziona d hizi" angeona mikono inavyopanda.

---

BintiJangombe

Wanaume mnasimulia kana kwamba darasa lilikuwa lenu. Niseme na upande wetu.

Mzee alikuwa na kawaida ya kukaa chini ya mwembe nyuma ya jengo la maabara baada ya Alasiri, na alitangaza siku ya kwanza kwamba mwenye swali amfuate pale. Hamkuisema hii. Mnasema hafundishi, hasikilizi, na mwembe upo pale kila siku na benchi lake tupu. Lakini na mimi niulize: msichana peke yake atakwenda kukaa mwembeni na Profesa mwanamme, saa kumi na moja jioni, watu wanapita? Kwa hapa kwetu? Darasani wanawake tulikuwa wengi, mwembeni hatukuonekana, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Mimi na mashoga zangu wawili tukaamua tunakwenda sote. Shikamoo Profesa. Marahaba, leteni karatasi. Hakutuuliza majina wala hakutabasamu. Swali letu lilikuwa la mlinganyo wa Clausius na Clapeyron, ule unaounganisha mgandamizo wa mvuke na joto, hatukuelewa kwa nini unachora ln P juu ya 1/T badala ya P juu ya T tu. Hakutujibu. Alitupa namba za mgandamizo wa mvuke wa maji kwa joto mbalimbali akasema choreni zote mbili, kwa mkono, sasa hivi. Ile ya kwanza ikapinda juu. Ile ya pili ikanyooka. Akasema pimeni mteremko. Ukatoka kama −5000. Zidisheni kwa 8.314. Tukapata karibu kilojuli 41.6 kwa moli. "Hiyo ndiyo nishati ya kuyatoa maji kwenye uoevu kwenda mvuke, kitabu kinasema 40.7 kwenye nyuzi 100. Mmeipata kwa rula." Akarudi kwenye gazeti lake.

Wallahi nilitoka pale kichwa kimefunguka. Tukawa tunakwenda kila wiki, na wiki nyengine tunakuta wasichana wengine wameshatutangulia. Ila ingekuwa ana chumba chenye mlango wazi na saa maalumu zimebandikwa, yasingehitajika hayo ya kukusanya kikosi.

---

Yakhe_Kengeja

Mimi nilikwenda mwembeni nikiwa peke yangu mara moja, akanijibu swali kwa swali, swali kwa swali, mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Sikurudi. Si kila mtu ana roho hiyo, jamani.

---

Mgeni_Kutoka_Bara

Habari zenu wakuu. Mimi nilikuja kusoma huko nikitokea bara, Fizikali nikaikuta na huyo mzee.

Niseme ukweli, nilichopata Zanzibar sijakipata kwingine: makundi ya kusoma. Baada ya Isha watu wanakusanyika barazani kwa mtu, mama mwenye nyumba analeta chai na maandazi bila kuombwa, na msuli unapigwa mpaka usiku mkubwa. Kuna jamaa mmoja wa PCM alitufundisha zile d za kupinda kwenye ukuta kwa mkaa. Kwa mkaa! Mwenye nyumba alikuja asubuhi akakuta uhusiano wa Maxwell, ile milinganyo ya d za kupinda, umejaa ukuta wa uani, akauliza kama ni talasimu.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi kwenye hisabati. Tulipofundishwa na yule jamaa wiki mbili tatu, mzee akaanza kueleweka. Hakuwa amebadilika yeye.

Kitu kimoja tu kilinishinda, testi za asubuhi mwezi wa Ramadhani. Watu wamekula daku, wameswali Alfajiri, wamelala kidogo, saa mbili wamekaa mbele ya mzunguko wa Carnot. Mimi nisiyefunga nilikuwa nasinzia, sijui wenzangu walikuwaje.

---

BintiJangombe

Hahaha, talasimu! Mama yangu naye alikuta karatasi ya Maxwell kwenye mkoba wangu akaniuliza nimeandikiwa na nani.

---

Mwalimu_Micheweni

Salaam kutoka Pemba. Nimesoma michango yote, naomba niulize swali ambalo nyote mmelikwepa.

Sisi tulikuwa tunasomea ualimu. Mimi leo nafundisha kidato cha tatu na cha nne, skuli ambayo bureti zinazofanya kazi ni za kuhesabu kwa vidole. Ile chembe iliyofungiwa ndani ya boksi, mlinganyo wa Schrödinger wa 1926, E = n²h²/8mL², mimi naitumia wapi? Kinetiki sawa. Thamodainamiki ya mwanzo sawa. Lakini theluthi ya kozi ilikuwa kwanta, hayo ya boksi na Schrödinger, na ndiyo theluthi iliyowapeleka wenzangu kwenye sapu na wengine nyumbani kabisa. Kuna mwenzetu wa Wete, kijana mwalimu kweli kweli, watoto wakimsikiliza wenyewe, alirudishwa nyumbani kwa kozi hii. Leo anauza vipuri vya pikipiki. Tulimpoteza mwalimu kwa sababu ya boksi.

---

Joto298

Mwalimu, hili la mwenzetu linauma na namjua unayemsema. Lakini kuhusu boksi nitabishana na wewe kidogo, kwa heshima.

Uitazame ile L chini. Boksi likirefuka, ngazi za nishati zinasogeleana, na elektroni inaruka kwa mwanga wenye nishati ndogo zaidi. Sasa mtoto wa kidato cha tatu akikuuliza kwa nini karoti ina rangi ile, jibu lote limo humo. Betakarotini ina mnyororo wa vifungo viwili viwili vilivyopishana, kumi na moja, elektroni zinatembea mule urefu wote. Boksi refu. Linameza mwanga wa bluu, linarudisha rangi ya chungwa. Molekuli fupi zinameza urujuanimno ambao jicho halioni, unaziona hazina rangi. Si lazima umwandikie mtoto ule mlinganyo ubaoni, ila wewe ukiujua hutababaika.

Ninachokubaliana nawe ni uzito. Kwa mwalimu mtarajiwa, kwanta ingetosha wiki chache, na maksi zake zisiwe za kumwondoa mtu chuoni.

---

Mwalimu_Micheweni

La karoti nimelichukua, ahsante, nalitumia Jumatatu inshaallah. Mzee mwenyewe angetuambia la karoti badala ya kuanza na "fikiria ukuta wenye urefu usio na mwisho" tungekuwa mbali.

---

Mkia_wa_Mshumaa

Alisema. Ulikuwa umechelewa, mlango umefungwa 😂

---

Mwalimu_Micheweni

Wewe kijana nitakutafuta mjini.

---

Makonyo

Nimekuja kwa sababu ya lile swali la karafuu, maana limenigusa. Mzee wangu amefanya kazi kiwanda cha makonyo Wawi miaka mingi, na mimi nimekulia kwenye harufu ile. Swali lile nilifaulu, na nitalieleza hapa kwa faida ya wanaokuja, kwa kuwa nimeona humu bado kuna watu wanaamini mvuke unasukuma.

Maji na mafuta ya karafuu hayachanganyiki. Jambo lote limo hapo. Yangechanganyika, kila kimoja kingepunguza mvuke wa mwenzake kwa kadiri ya sehemu yake, sheria ya Raoult. Yasipochanganyika, kila kimoja kinatoa mgandamizo wake wa mvuke wote kamili kana kwamba mwenzake hayupo. Kimiminika kinachemka pale jumla ya mgandamizo wa mvuke inapofikia mgandamizo wa hewa, kilopaskali 101.3. Maji peke yake yanafika hapo kwenye nyuzi 100. Ukiyaongezea mafuta, hata yakichangia kidogo sana, jumla inafika mapema kabla ya nyuzi 100. Ndiyo maana eugenoli inatoka bila kuunguzwa. Ungeichemsha peke yake mpaka nyuzi 254 ungekaribia kuiharibu na mali yote ya humo.

Sasa utauliza, kama inachangia kidogo sana, mbona mafuta yanatoka ya kutosha? Kwa sababu ya uzito wa molekuli. Moli moja ya maji ni gramu 18, moli moja ya eugenoli ni gramu 164. Kila molekuli ya mafuta inayopanda ina uzito wa molekuli tisa za maji. Hii ndiyo sehemu ya pili ya swali, na ndiyo ambayo wengi hawakuifikia.

Na niongeze jambo. Nilipotoka kwenye mtihani ule nilikwenda nyumbani likizo, nikamweleza mzee wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Sasa wewe umejua kwa nini. Lini inafunguliwa valvu, unajua?" Sikujua.

---

MwakaWaPili_InshaAllah

Shikamooni kaka na dada zangu. Mimi ndio naingia, nimetoka CBG, na nimesoma uzi huu wote nikitetemeka. Naomba kuuliza: nianzie wapi kabla ya semista kufunguliwa? Na kuna haja ya kununua kile kitabu kinene?

---

Joto298

Marahaba. Kitabu usinunue, vipo maktaba, na kinene kile ukikisoma kutoka ukurasa wa kwanza utakata tamaa mapema. Anza na hisabati, tena kidogo tu: logi ya asili na kanuni zake, e kwa nguvu ya kitu, kudifarenshieti, kuintegreti 1/x, na zile d za kupinda. 1/x usiidharau, kinetiki ya daraja la kwanza yote imejengwa juu yake. Tafuta mtu wa PCM, kaa naye, mnunulie juisi. Hayo yakiingia, thamodainamiki utaifuata bila tabu kubwa. Kwanta iache mpaka wakati wake.

R uijue kwa sura zake mbili: 8.314 ukiwa kwenye juli, 0.0821 ukiwa kwenye lita na atimosfia. Ukizichanganya umekwisha.

---

BintiJangombe

Na mwembeni nenda, mdogo wangu. Ukiwa msichana nenda na wenzako, na kama ni mvulana pitia pale uwashawishi wasichana wa darasa lako kwamba mahali pale ni pao pia. Beba swali lililoandikwa, si "sielewi chochote". Ukimwambia huelewi chochote anakurudisha ukalifikirie.

---

Mgeni_Kutoka_Bara

Na mkaa wa kuandikia ukutani 😁

---

MwakaWaPili_InshaAllah

Ahsanteni sana. Nimelijaribu lile swali la karafuu. Kaka Makonyo hukutupa namba za sehemu ya kukokotoa, zilikuwaje?

---

Makonyo

Tulipewa mgandamizo wa mvuke wa eugenoli kwenye joto lile, kilopaskali 0.4, na mgandamizo wa hewa 101.3. Tafuta uwiano wa uzito wa mafuta kwa maji yanayotoka pamoja.

---

MwakaWaPili_InshaAllah

Basi maji yanachangia 101.3 − 0.4, ni 100.9. Moli ni kwa uwiano wa migandamizo, 0.4 kwa 100.9. Nikizidisha kwa 164 na kugawa kwa 18 napata 0.036.

---

Mkia_wa_Mshumaa

Kizio kiko wapi? Sifuri!

---

Makonyo

Mwache kijana, yuko sawa. Gramu juu, gramu chini, zimekatana, kizio hakipo. Mwaka wetu wapo walioogopa sifuri wakabandika "gramu" kwa nguvu, na hiyo ndiyo iliyowapa sifuri. Ukitaka kuisema kwa maneno, sema kila kilo moja ya mvuke wa maji inatoka na gramu kama 36 za mafuta.

Na mchoro usiusahau, ulikuwa na maksi zake. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, msongamano wake ni kama 1.05 gramu kwa mililita, kwa hiyo kwenye chombo cha kupokelea yanakaa chini na maji yanabaki juu. Darasa karibu lote lilichora yanaelea.